Mchora Ramani na Mwashi Wawe Kikosi Kimoja

Mwananchi wa visiwa hivi kwa kawaida hujenga nyumba mara moja tu katika umri wake. Hujenga kwa karafuu za misimu kadhaa, kwa mshahara uliokatwa kidogo kidogo, kwa fedha ya mtoto aliye Muscat au London, au kwa upatu ambao zamu yake ilichelewa sana kufika. Saruji hununuliwa leo, nondo mwezi ujao, bati baada ya Sikukuu. Nyumba hiyo ikitoka mbovu, mwenyewe hana tena fedha wala umri wa kujenga nyingine. Ndiyo maana tunaona kuwa namna nyumba zetu zinavyosanifiwa na kujengwa si shauri la mafundi peke yao, bali ni jambo linalomhusu kila mwananchi na kila mtumishi wa Serikali anayetia muhuri juu ya kibali.

Uzito wa jambo lenyewe unazidi mwaka hadi mwaka. Sensa ya 2012 ilitupata watu 1,303,569 katika Zanzibar. Ya 2022 ikatupata 1,889,773. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi tumeongezeka watu 586,204, na wote hao wanahitaji paa. Mashamba yaliyokuwa ya minazi na mihogo kando ya mji yamekuwa mitaa, na kila siku gari za mawe na mchanga hupita zikielekea kwenye misingi mipya. Tunajenga kwa wingi. Swali letu leo ni je, tunajenga kwa utaratibu gani?

Utaratibu ulioenea tunaujua sote. Mtu hununua ramani kwa mchoraji ambaye hajapata kukitia mguu kiwanja chake. Mara nyingine ramani hiyo ni nakala ya nyumba iliyojengwa mji mwingine, juu ya udongo mwingine, na kuelekea upepo mwingine. Akishaipata humtafuta mwashi na kupatana naye bei kwa tofali au kwa siku. Mwashi huichukua ramani, akafuata mistari anayoielewa na kuiacha asiyoielewa. Ukuta ukishapigwa plasta ndipo anapoitwa fundi bomba, naye huutoboa. Baada yake huja fundi umeme, naye huuchimba tena. Kila mmoja hulipwa haki yake na kwenda zake. Ufa unapotokea, mwashi humsingizia mchoraji, mchoraji humsingizia mwashi, na wote wawili huulaumu mchanga. Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama. Katika ujenzi wa namna hii hali ni mbaya zaidi, kwani hakuna nahodha hata mmoja.

Rai yetu ni kwamba nyumba ya kuishi isanifiwe na kujengwa na kikosi kimoja, chini ya mkataba mmoja, na jina moja lijibu kwa yote: kwa mstari wa ramani, kwa ncha ya nondo na kwa bomba lililozikwa sakafuni. Wataalamu huuita utaratibu huu kusanifu na kujenga, na baadhi ya watu hudhani umeletwa na wageni juzi. Hivyo sivyo.

Urithi tulio nao

Tuitazame nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, mji ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na wageni wengi hudhani kuwa huo ulikuwa mtindo tu. Sababu yake ni boriti. Mkoko hautoi mti wa kubeba dari ya chumba kipana, na fundi aliyepanga chumba aliijua boriti kabla hajaukata mtaro wa msingi. Alijua pia jiwe lipi ni la ukuta na lipi laini la kuchongwa, chokaa ichomwe vipi na ikae muda gani kabla ya kutumika, na baraza lielekee wapi ili mzee wa nyumba apate kivuli alasiri. Usanifu na ujenzi ulikaa katika kichwa kimoja na mkono mmoja. Ndivyo afanyavyo hata leo fundi wa majahazi, ambaye huunda chombo cha kuvuka bahari pasipo karatasi, lakini kila mtu bandarini anajua chombo kile ni kazi ya nani.

Hatusemi turudi kwenye boriti na chokaa kwa kila nyumba. Mikoko yetu haitoshi, na ghorofa za leo haziwezi kusimama bila hesabu za mhandisi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 visiwa vilionja ujenzi wa aina nyingine kabisa. Nyumba za ghorofa zilisimama Kikwajuni, Kilimani na Michenzani kwa mipango iliyoanza na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki na kwa nguvu za wananchi wenyewe. Zege na nondo zikawa lugha ya ujenzi wetu. Lakini lugha hiyo ina tabia moja ambayo jiwe na chokaa havikuwa nayo: kosa lake halionekani kwa macho. Ukuta wa mawe ukienda upande, hata mpita njia huuona. Nguzo ya zege iliyopungukiwa nondo huonekana nzuri na imara mpaka siku inapoanguka.

Siku hizo tumeziona. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Hapa kwetu, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi za matengenezo zikiendelea, na watu wakapoteza maisha. Kila tukio lina sababu zake, na si kazi ya safu hii kuzihukumu. Tunalolisema ni kwamba jengo ni kitu kimoja. Haliwezi kuwa salama ikiwa wanaolichora, wanaolijenga na wanaolitengeneza hawasemi kitu kimoja.

Siku moja ya kazi

Msomaji atauliza, kikosi hicho hufanya nini kila siku ambacho mafundi wa kuokoteza hawafanyi? Tunaona inafaa kulieleza jambo hili kwa urefu, kwa sababu faida yake imo katika kazi ndogo za kila siku zaidi kuliko katika maneno ya mkataba.

Kwanza, kikosi hakihitaji kuwa kikubwa. Kwa nyumba ya vyumba vitatu chatosha kuwa na msanifu mmoja, mhandisi anayezigawa siku zake baina ya viwanja kadhaa, mkadiriaji majenzi wa kupanga vifaa na fedha, msimamizi asiyeondoka kiwanjani, mtunza stoo, na mafundi wachache wa kila fani pamoja na vibarua wao. Watu hao hawawi kikosi kwa idadi yao. Wanakuwa kikosi kwa kuwa wamejifunga pamoja tangu ramani ikiwa bado ni mistari ya penseli.

Siku huanza kabla ya jua kupanda. Msimamizi hufika wa kwanza, akaipima kazi ya jana kwa timazi, kwa pima maji, na kwa ule mpira mrefu wa maji unaooanisha kimo cha pembe moja na nyingine. Pembe za msingi huzihakikisha kwa kanuni ya tatu, nne na tano: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kamba ya kukata pembeni iwe mita 5 kamili. Isipokuwa hivyo, pembe si mraba. Kosa la sentimita 2 kwenye msingi huonekana dogo, lakini likifika juu kwenye kenchi huwa mbao zisizokutana na bati lisilofunika. Kosa lililogunduliwa saa kumi na mbili asubuhi husahihishwa kwa mwiko. Likigunduliwa mwezi wa tatu husahihishwa kwa nyundo.

Saa moja mafundi wote hukusanyika kando ya stoo. Ramani hufunguliwa, na msimamizi husema kazi ya siku, nani afanye nini, na kifaa gani hakijafika. Kisha kila fundi husema lake. Fundi bomba na fundi umeme huwapo tangu siku ya msingi, ijapokuwa hawana kazi kubwa bado, kwa sababu njia ya bomba la choo hupangwa kabla ya jamvi kumwagwa, na mirija ya nyaya hulazwa kabla ya zege ya dari kufunika nondo. Nusu saa hiyo ya mazungumzo huokoa siku nyingi za kubomoa.

Tuchukue mfano kutoka ardhi yetu wenyewe. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina mapango. Ya Mangapwani na Kuumbi kule Jambiani yanajulikana hata kwa wageni, lakini madogo yasiyo na jina ni mengi, na huenda moja likawa chini ya chumba cha mtoto wako. Kibarua anachimba mtaro, anapiga mtaimbo, anasikia sauti ya uwazi chini. Katika utaratibu wa kuokoteza, tunajua kitakachofuata: shimo litajazwa vifusi na kazi itaendelea, kwa sababu mwashi analipwa kwa kwenda mbele, na mchoraji hata akipigiwa simu atasema yeye alichora tu. Katika kikosi, kibarua ana amri ya kusimama. Msimamizi huisimamisha sehemu hiyo, akawahamishia waashi upande wa pili ili siku yao isipotee, akamwita mhandisi. Mhandisi hufika siku ile ile na kuamua: ama pango lifukuliwe na kujazwa zege, ama ipitishwe boriti ya zege juu yake, ama ukuta usogezwe. Msanifu hutazama iwapo kuusogeza ukuta kutaharibu mpango wa nyumba. Mkadiriaji hutaja gharama ya kila njia. Mwenye nyumba huambiwa kabla ya jua kuchwa, naye huchagua akiwa na habari kamili. Uamuzi ambao kwingine ungechukua mwezi wa kutupiana lawama huchukua siku moja.

Mfano wa pili ni mwepesi zaidi, nao hutokea karibu katika kila nyumba. Kuta zikifika kiunoni, mama mwenye nyumba huja kutazama, na kwa mara ya kwanza anauona kwa macho upana wa jiko lake. Anasema dirisha lisogezwe, kwa kuwa kusi ikivuma moshi wote utaingia vyumbani. Ana haki. Anaijua kusi na anaijua kaskazi kuliko mchoraji aliyekaa ofisini. Msanifu wa kikosi humsikiliza pale pale, akatazama nguzo ilipo na linta itakapopita, akajibu kuwa inawezekana, na kwa gharama ya matofali machache. Dirisha hilo hilo likiombwa baada ya mkanda kumwagwa ni kazi ya wiki nzima. Msanifu mwema humleta mama huyo kiwanjani mapema, nyumba ikiwa bado ni kamba na vigingi, akamtembeza: hapa ni ukumbi, hapa ni msalani, hapa ni mlango wa uani. Kwa njia hiyo nyumba huwa ya wenyewe kabla haijawa ya saruji.

Siku ya zege ni siku ya mtihani. Hakuna zege inayomwagwa kabla mhandisi hajazihesabu nondo, fundi bomba na fundi umeme hawajathibitisha kuwa mirija yao ipo, na msimamizi hajatia saini. Nondo hukalishwa juu ya vijiwe vya zege ili zisiguse mbao, kwani nondo iliyo karibu na uso wa zege katika hewa ya bahari huota kutu, na kutu huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Vipimo huwa vya sanduku na si vya kukisia: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, au kama mhandisi alivyoagiza. Mchanga huwa umekwisha kuchunguzwa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi ni adui wa nondo. Kisha kuuchimba ni kuzila fukwe zetu wenyewe. Maji nayo hupimwa. Maji mengi humrahisishia kibarua kazi ya koleo, lakini huinyima zege nguvu, na hapo ndipo nyumba nyingi huharibiwa na watu wasiokuwa na nia mbaya hata kidogo.

Zege hiyo hiyo hujazwa katika vikasha vya mchemraba wa milimita 150, na vipande vyake huvunjwa katika maabara siku ya 7 na siku ya 28 ili ijulikane nguvu yake kwa tarakimu. Wakati huo huo dari hunyweshwa maji kwa siku zisizopungua 7, hufunikwa kwa magunia, na mirunda ya chini haiguswi kabla ya mhandisi kutoa ruhusa. Katika utaratibu wa kuokoteza, hiki ndicho kipindi ambacho kila mtu amekwisha ondoka. Mwashi yuko kiwanja kingine, mwenye nyumba yuko kazini, na zege yake inakauka kwa jua la Januari kabla haijashika.

Jioni, kabla ya watu kutawanyika, huandikwa daftari la siku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ujenzi methali hiyo ni kweli neno kwa neno. Huandikwa waliofika kazini, mifuko ya saruji iliyofunguliwa na iliyobaki, mvua iliyonyesha, maamuzi yaliyofanywa, nani aliyaamua na kwa sababu gani. Ramani nayo husahihishwa kwa wino mwekundu pale kazi ilipotofautiana na mchoro. Nyumba ikikamilika, mwenyewe hupewa funguo pamoja na daftari hilo na ramani ya nyumba kama ilivyojengwa kweli. Miaka ishirini baadaye mtoto wake atajua bomba limepita wapi, karo liko umbali gani na kisima, na ukuta upi usithubutu kutobolewa.

Fedha huenda kwa utaratibu huo huo. Mkadiriaji huzigawa kwa hatua: msingi, linta, mkanda, paa, na umaliziaji. Hatua ikithibitishwa, hulipwa. Mwananchi anayejenga kwa vipande vya fedha hufaidika zaidi kwa mpango huu, kwa sababu huambiwa mapema mahali anapoweza kusimama pasipo hasara. Nyumba inaweza kungoja baada ya jamvi. Haifai kungoja nondo zikiwa zimechomoza nguzoni, zikinyeshewa masika mbili. Tungependa pia desturi moja iingizwe katika kila mkataba, nayo ni kwamba sehemu ndogo ya malipo ibaki mkononi mwa mwenye nyumba mpaka masika moja ipite juu ya paa. Mvua ni mkaguzi asiyepokea chai.

Pingamizi na majibu yake

Kuna pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Watasema: ikiwa anayechora ndiye anayejenga, nani atamkagua? Katika utaratibu wa kutenganisha, msanifu alikuwa jicho la mwenye nyumba juu ya mkandarasi. Mkiwaweka kundi moja, si mtakuwa mmepeleka kesi ya ngedere kwa nyani? Hoja hii ni ya haki, na wanaotetea usanifu na ujenzi wa pamoja bila kuijibu wanawadanganya wananchi.

Jibu letu ni kwamba jicho hilo lazima litoke nje ya kikosi, nalo ni jicho la Serikali. Mkaguzi wa baraza la mji au wa halmashauri afike kiwanjani mara nne kwa uchache: mtaro ukiwa wazi, jamvi likiwa bado halijamwagwa, nondo za dari na nguzo zikiwa bado zinaonekana, na nyumba ikiwa tayari kuhamiwa. Mkaguzi anayefika baada ya plasta anakagua rangi. Kila afikapo alisome daftari la siku na atie saini yake humo, ili naye ajibu. Kibali cha ujenzi kilichotolewa mezani na kusahauliwa mezani hakimlindi mtu yeyote isipokuwa aliyekitoa.

Upo pia upungufu katika namna tunavyowatambua wataalamu. Bara, sheria za mwaka 1997 ziliunda bodi ya wahandisi, bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, na bodi ya wakandarasi. Nasi Zanzibar tuna sheria zetu za kuwasajili wataalamu. Huo ni msingi mzuri. Lakini usajili huwatambua watu hawa mmoja mmoja, hali nyumba inawahitaji wakiwa pamoja. Tunashauri kwamba fomu ya maombi ya kibali cha nyumba iwe na nafasi ya kuandika kikosi kizima na jina la mtu mmoja anayekijibia. Jambo hili halihitaji fedha mpya wala ofisi mpya. Linahitaji karatasi moja na nia.

Pingamizi la pili ni la gharama. Watasema mwananchi wa kawaida hawezi kumlipa msanifu, mhandisi na mkadiriaji kwa nyumba ya vyumba vitatu. Tunakubali kwamba hawezi kuwalipa peke yake. Lakini tujiulize analipa kiasi gani hivi sasa bila kujua: ukuta uliobomolewa kupitisha bomba, saruji iliyoibwa kwa kukosa daftari, paa lililoezuliwa baada ya masika ya kwanza. Gharama hiyo ipo, ila haiandikwi popote.

Njia ya kupunguza mzigo ni ya zamani, nayo ni ushirika. Mafundi wa shehia moja au mbili wanaweza kujiunga, wakawa na stoo moja, vifaa vya pamoja vya kupimia, na mkataba na msanifu mmoja na mhandisi mmoja wanaohudumia nyumba kumi badala ya moja. Serikali nayo inaweza kutoa ramani za mfano za nyumba ndogo, zilizofikiriwa kwa ardhi zetu: ya kiwanja cha jiwe la matumbawe, ya udongo mzito wa mabonde ya Pemba, na ya sehemu za chini zinazotuama maji wakati wa masika. Ramani ya mfano haimwondolei msanifu kazi, kwani bado lazima aende kiwanjani kuilinganisha na ardhi, upepo na jirani. Lakini humwondolea mwananchi gharama ya kuanza tangu mwanzo.

Vyuo vyetu vya amali navyo vina sehemu yake. Kijana anayesoma uashi afundishwe kuisoma ramani mpaka aweze kumkosoa aliyeichora. Na kijana anayesoma kuchora apige tofali kwa muhula mzima, akunje nondo, ashike koleo juani, kabla hajaruhusiwa kuuza mstari wake kwa mtu. Dharau iliyopo baina ya kalamu na mwiko ni sumu. Mwenye kalamu humwona mwashi mjinga, na mwashi humwona mwenye kalamu mtu wa nadharia. Anayelipa thamani ya dharau hiyo ni mwenye nyumba.

Wito wetu

Kwa wananchi tunasema: usimlipe mtu kwa ramani kabla hajakikanyaga kiwanja chako. Uulize nani atajibu kwa nyumba nzima, na jibu liandikwe. Ulidai daftari la siku, hata kama wewe mwenyewe uko safarini, na umtume mtu unayemwamini alisome kila wiki. Wewe uliye Muscat au London na unatuma fedha nyumbani, daftari hilo litakueleza mengi kuliko picha ya ukuta uliopakwa rangi.

Kwa mafundi tunasema: kikosi hakikupunguzii heshima. Fundi mzuri ndiye anayepata hasara kubwa katika utaratibu wa kuokoteza, kwa kuwa kazi yake hufichwa chini ya makosa ya mwenzake. Mahali ambapo kila jina limeandikwa, mkono mwema hujulikana na kutafutwa.

Kwa watendaji wa Serikali, kuanzia wakaguzi wa mabaraza na halmashauri hadi masheha, tunasema kwa heshima lakini bila kuficha: ondokeni mezani. Mtaro wa msingi huwa wazi kwa siku chache tu, na zikishapita hakuna awezaye kuona kilichomo mpaka nyumba yenyewe itakapoonyesha. Usafiri wa wakaguzi, maabara ya kuvunjia vipande vya zege, na muda wa kutosha wa kukagua ni mambo ya kuwekwa katika bajeti kama zinavyowekwa barabara na skuli.

Nyumba ni amana. Mwenye kujenga hukabidhi ndani yake jasho la miaka mingi na usingizi wa watoto wake. Katika malezi yetu ya visiwani, anayepokea amana hujulikana kwa jina, na huulizwa. Tunaiomba Serikali ianze na nyumba zitakazoombewa vibali mwaka huu: chini ya kila ramani liandikwe jina la atakayeijibu, na ufa ukitokea mwananchi ajue mlango wa kubisha.